AKILI YA NYUMBANI: Seshwari si ya kichwa tu



Mwajua mwezi wa kwanza hapa Luano. Mvua inaanza mchana, inanyesha mpaka usiku, kesho yake mawingu yamefunga tangu asubuhi, na udongo mwekundu wa njia yetu unageuka uji. Ulifua nguo za masomo siku ya posho, ukazianika chini ya baraza. Siku ya yenga jioni ukazigusa, zingali na maji. Siku ya kwanza asubuhi mtoto anasimama mlangoni na shati nyeupe mkononi: «Mama, shati ingali na mayi!» Kengele ya masomo haingoji, na mtoto akivaa shati ya baridi atakohoa juma zima.

Hapo ndipo mama anakumbuka seshwari. Ile ya binti mkubwa, inayolala ndani ya kikapu pamoja na vitana na mafuta ya nywele, inayoamshwa tu wakati wa arusi na komunyo ya kwanza. Mwezi huu ninataka tuzungumze juu yake, kwa sababu wengi mnayo nyumbani na hamjui kazi zake zote. Tena wengine wanajua kazi zake nyingi mno, hata zile mbaya, na juu ya hizo nitasema bila kuficha.

Kwanza tujue ni kitu gani. Mashine ya kukausha nywele ya kwanza ilitengenezwa na msusi mmoja wa Ufaransa, Alexandre Godefroy, karibu mwaka wa 1890. Ilikuwa kubwa, mwanamke alikaa chini yake. Hii ya mkononi ni mtoto wake. Ndani yake mna vitu viwili tu vya kujua: kipepeo kidogo kinachovuta hewa kwa nyuma, na waya uliozungushwa ambao unakuwa mwekundu na kuipasha hewa hiyo joto. Ule waya si wa shaba, umetengenezwa kwa nikeli na kromu, kwa sababu unatakiwa kuuzuia umeme ili upate moto. Shaba yetu iko katika kamba inayotoka ukutani, kwa sababu shaba inapitisha umeme bila kuchoka na bila kupata moto. Watoto wa Katanga mnapaswa kujua jambo hili. Basi kama kamba yenyewe inapata moto mkononi mwako, kuna ubaya: ama nyuzi zake zimekatika ndani, ama ni kamba ya bei rahisi yenye shaba kidogo sana. Tunachimba shaba mlango wa pili, kisha tunauziwa ralonji ambayo ndani yake mna aluminiamu iliyopakwa rangi ya shaba!

Turudi kwa shati ya mtoto. Wengi wanakosea hapa: wanachukua shati inayodondosha maji na kuipigia hewa nusu saa. Umeme unaisha, mashine inachoka, shati bado. Fanya hivi. Tandaza taulo kavu mezani, lalisha shati juu yake, vikunje pamoja kama mkeka, kisha ukandamize kwa magoti au kwa mikono yako yote miwili. Taulo itakunywa maji mengi kuliko unavyofikiri. Halafu itundike shati kwenye kiango, na hapo upitishe hewa ya moto kwa ndani, kutokea chini, ukianza na sehemu nene: kola, mikono, mistari ya mshono. Kifua na mgongo vitakauka vyenyewe. Dakika kumi zinatosha. Soksi nazo zikamuliwe katika taulo hivyo hivyo. Lakini ninyi vijana ambao mnavalisha soksi kwenye mdomo wa seshwari ili ijae hewa kama puto, acheni! Hewa isipopata njia ya kutoka, ule waya mwekundu unazidi kupata moto, na soksi iko karibu yake.

Neno moja kwa wenye watoto wadogo. Wakati wa mvua kuna inzi anayetaga mayai juu ya nguo zenye majimaji, hasa zilizoanikwa kivulini au kutandazwa chini. Vifunza vyake vinaingia katika ngozi ya mtoto na kutokea kama majipu. Wazee wetu walijua dawa: pasi ya moto, kila mahali, pia kwenye mshono na mpira wa kiuno. Seshwari haichukui nafasi ya pasi katika jambo hili. Hewa yake inapita juu juu tu, haishiki moto ndani ya mikunjo. Nepi za mtoto zipigwe pasi.

Sasa nifike kwenye kazi ninayoipenda kuliko zote, na akina mama wanaotunza kanisa watafurahi. Ni nta ya mishumaa. Baada ya usiku wa Pasaka kila mtu ameshika mshumaa wake, na siku inayofuata kuna nta kwenye viti, kwenye sakafu, kwenye vitambaa vya altare, kwenye mavazi ya watumishi wadogo. Nimeona mama wenye mapendo mema wakikwangua kitambaa kwa kisu mpaka kikatoboka. Wengine wanamwaga maji ya moto, na nta inaenea na kuingia zaidi.

Acha nta ikauke kabisa na kuwa ngumu. Toa ile ya juu kwa mgongo wa kijiko, polepole. Kisha weka karatasi nyeupe chini ya kitambaa na nyingine juu yake. Usitumie gazeti, maana wino wake utahamia kwenye kitambaa, nawe utakuwa na kazi mbili. Shika seshwari mbali kidogo, kama urefu wa kiganja, na upige hewa ya moto. Nta inayeyuka na kunywewa na karatasi: utaona doa la mafuta linakua. Badilisha karatasi, rudia, badilisha tena, mpaka karatasi ibaki nyeupe. Mwisho fua kwa maji ya moto na sabuni. Nta ya mshumaa mweupe inatoka yote. Ya mshumaa wa rangi inaacha rangi yake, na kwa hiyo sina ahadi ya kukupa.

Kwa viti vya mbao hakuna haja ya karatasi. Pasha nta mpaka ilegee, uipanguse kwa kitambaa kikavu, basi. Usikae mahali pamoja muda mrefu, la sivyo vernisi itavimba. Vinara vya shaba vinasafishwa hivyo hivyo. Korali moja ya vijana ingeweza kujitolea kazi hii kila baada ya sikukuu, na kuimaliza katika mchana mmoja kwa seshwari mbili.

Kazi ya pili ni ya moyo zaidi. Katika nyumba nyingi za hapa kwetu, Lubumbashi, Kipushi, Likasi, Kolwezi, kuna albamu ya picha. Babu amevaa kofia ngumu, amesimama na wenzake mbele ya kiwanda, zamani za Union Minière, kabla ya mwaka wa 1967 wakati serikali ilipoichukua na baadaye ikaitwa Gécamines. Picha hizo mara nyingi zimebandikwa kwenye zile kurasa zenye gundi na karatasi ya plastiki juu. Kwa miaka mingi gundi imekuwa ngumu, unyevu wa mvua umeingia, na picha inaanza kupata madoa ya manjano. Ukiivuta kwa nguvu, babu anapasuka katikati.

Pasha ukurasa kwa nyuma, si upande wa picha, kwa moto mdogo kabisa, ukitembeza mkono wako. Baada ya muda kidogo gundi inalegea. Ingiza uzi mwembamba chini ya pembe ya picha, uzi wa kushonea au ule wa kusafisha meno, na uuvute taratibu kama unayekata sabuni. Ikigoma, ngoja ipoe, kisha uanze tena. Usifanye kazi hii ukiwa na haraka. Kisha andika kwa nyuma, kwa penseli laini, majina ya wale unaowajua, ukiwa bado una mzee wa kumwuliza.

Kuna kazi nyingine ndogo ndogo. Chupa ya konfitiri iliyokwisha, unataka kutia pilipili au chumvi ndani, lakini karatasi ya duka haitoki: ipashe, ianzie kwenye pembe, itatoka nzima. Gundi inayobaki ifute kwa mafuta ya kupikia. Plasta iliyoshika kwenye goti la mtoto: hewa ya vuguvugu, kwanza uijaribu kwenye mkono wako mwenyewe, na kilio kitapungua. Mpira mgumu wa maji usiotaka kuingia kwenye robine: pasha ncha yake, usukume ungali laini, ukipoa utashika. Mashine ya kushona iliyojaa vumbi la nyuzi: hewa ya baridi, siyo ya moto. Hali kadhalika radio, lakini uitoe kwanza kwenye prizi. Viatu vya ngozi vilivyolowa wakati wa kurudi misa: jaza karatasi ndani, vikae usiku mmoja, kisha hewa ya vuguvugu tu. Hewa ya moto inapasua ngozi na kuachisha soli, na fundi wa viatu atakushukuru wewe.

Sasa zile kazi ambazo mimi nasema hapana.

Kuyeyusha barafu ya frigo, hapana. Maji yanatiririka, wewe umeshika umeme, umesimama bila viatu kwenye simenti. Chomoa frigo, weka ndani sufuria ya maji ya moto, funga mlango, nenda kapike. Simu iliyoanguka ndani ya maji, hapana. Hewa ya moto inasukuma maji ndani zaidi na kuharibu vitu vidogo vilivyomo. Izime, ipanguse, fungua inapofunguka, iache mahali penye hewa. Kupashia kitanda cha mtoto mchanga katika baridi ya mwezi wa sita, wakati digrii zinashuka chini ya 10, hapana kabisa. Ngozi ya mtoto inaungua kabla hajajua kulia vizuri. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vema na kuviringishwa kwa kitambaa ipashe kitanda, kisha itolewe mbele ya kumlalisha.

Na mbabula? Najua mnafanya. Kijana mmoja alinionyesha kwa furaha: anaelekeza seshwari kwenye tundu la chini, na makala yanawaka mara moja. Ni kweli yanawaka. Lakini cheche zinaruka, nyingine zinavutwa na kile kipepeo kwa nyuma, kamba inapita juu ya majani yenye umande, na bibi anatazama tu. Kifuniko cha sufuria kinafanya kazi ile ile tangu zamani, nacho hakilipiwi umeme. Tena mbabula ibaki nje. Ule moshi usioonekana wa makala unaua watu waliolala na mlango umefungwa.

Mpaka hapa mtasema huyu mama anaogopa kila kitu. Ninayo sababu.

Umeme unaofika kwetu unatoka mbali. Unatoka Mwadingusha na Koni kwenye mto Lufira, Nzilo na Nseke kwenye Lualaba, na tena Inga, kwa ile laini ndefu ya kilometa karibu 1,700 mpaka Kolwezi, iliyoanza kazi mwaka wa 1982. Migodi inautaka, viwanda vinautaka, mji unakua kila mwaka, nasi tunaupata kwa zamu. Ndiyo delestaji. Tumeizoea hata hatuioni tena. Umeme ukienda, watoto wanasema «oooh», tunawasha mshumaa au taa ya jua, maisha yanaendelea. Hatufikiri juu ya saa ya kurudi kwake.

Siku moja ya posho, binti yangu alikuwa anakausha blauzi ya korali chumbani. Umeme ukakatika. Akabonyeza kitufe? Hakubonyeza. Kwake seshwari ilikuwa imezimika, kwa sababu ilikuwa kimya. Akaiweka juu ya kitanda, juu ya blanketi, akavaa blauzi yenye unyevu, akaenda kwenye mazoezi ya nyimbo. Mimi nilikuwa kwa jirani, kwenye matanga. Nyumbani alibaki kadogo wetu, amelala katika chumba cha pili.

Umeme ulirudi jioni. Kama mnavyojua, mtaa mzima ulipiga kelele ya furaha, hata sisi kule kwenye matanga tulisikia. Na ndani ya chumba changu seshwari iliamka peke yake, mdomo wake umeingia katika blanketi. Ndani yake mna kitu kidogo cha kukata moto ukizidi, lakini ile yetu ilikuwa ya zamani na fundi alikwisha kukitosha kile kitu kwa sababu kilikuwa kinaizima kila mara. Mama wa lupango la pili ndiye aliyeona moshi dirishani. Hakuja kuniita. Alivunja kitasa, akamtosha mtoto, kisha ndiyo akapiga kelele. Tuliporudi, matela ilikuwa imeungua mpaka kwenye springi, rido hakuna tena, ukuta mweusi mpaka kwenye mabati. Binti yangu alisimama na kitabu cha nyimbo mkononi, akasema neno moja tu: «Mama, nilisahau kutosha prizi.»

Sikumpiga. Ningempiga kwa nini? Hata mimi nilikuwa nimefanya hivyo mara ngapi na pasi, na redio, na jiko la umeme. Mara hizo zote umeme ulirudi nikiwa mbele yake.

Tangu siku ile nyumbani kwetu kuna sheria, na kila mtoto anaijua kama anavyojua Baba Yetu. Umeme ukienda, kila aliyekuwa ameshika kitu anachomoa prizi kabla hajawasha mshumaa. Si kubonyeza kitufe, kuchomoa. Tumepiga msumari ukutani, mbali na kitanda, na seshwari inatundikwa pale kwa pete yake. Kama haiko kwenye msumari, mtu haondoki nyumbani. Kadogo mwenyewe ndiye mlinzi: kabla ya kwenda misa anapita vyumbani na kuhesabu kamba. Anapenda kazi hiyo kuliko kufagia.

Mambo ya kununua nitayasema upesi. Soma maandiko madogo kwenye mkono wa mashine. Yakisema 220 au 240 V, ni sawa. Yakisema 120 V tu, ilitengenezwa kwa ajili ya Marekani, na kwa umeme wetu itavuta zaidi ya mara tatu ya nguvu yake na kufa mbele yako, hata kama muuzaji anakuapia. Ikiwa ni ya zamani sana, zawadi ya shangazi kutoka Ulaya, ishukuru na uiache. Zile za zamani nyingine zilikuwa na amianti ndani. Viwanda vya Marekani viliacha kuitia mwaka wa 1979, kwa sababu vumbi lake linaharibu mapafu, na wafanya kazi wa viwanda kati yenu wanalijua jina hilo.

Tazama pia watt. Seshwari ya 1,200 inavuta kama balbu ishirini za zamani za watt 60. Ya 2,000 inavuta zaidi. Kwa hiyo isikae kwenye ralonji moja na frigo na televisheni. Wenye grupu ndogo ya watt 950, msijaribu hata kidogo, mtaichosha grupu na fundi atakula. Na kila mwezi, ikiwa imechomolewa, safisha matundu ya nyuma kwa mswaki mkavu wa zamani, kwa maana nywele na vumbi vinaziba njia ya hewa. Ikianza kutoa harufu ya kuungua, ndiyo inakuambia hivyo. Na ile fundi anayesema «tutoshe hiki kidude, itafanya kazi muzuri», mwambie arudishe kidude.

Mama mmoja wa Ruashi aliuliza kama mikono ya mtu aliyetoka kuoga inaweza kushika seshwari ikiwa imekauka lakini miguu bado. Hapana, mama. Umeme unaingia mkononi na kutafuta udongo, na mguu wenye maji juu ya simenti ndio mlango wake. Kausha miguu, vaa viatu vya mpira, toka kwanza kule bafuni. Nywele zitangoja.